Maji Yalipopoa Bwawani

Kila siku baada ya masomo, Kipepe alipitia nyumbani, akavua sare, akala upesi upesi chakula alichowekewa, kisha akakimbilia kituo cha mazoezi alikofanya kazi baba yake. Kipepe halikuwa jina lake hasa. Aliitwa hivyo, kifupi cha kipepeo, kwa kuwa tangu utotoni hakutulia mahali pamoja, na sasa, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, bado alikuwa vile vile.

Kituo kilikuwa nyumba ndefu yenye paa la bati la kijani. Ndani yake mlikuwa na bwawa dogo, maji yake yakimfika mtoto kifuani. Watoto ambao miguu au mikono yao haikuwa na nguvu waliletwa hapo kufanya mazoezi ndani ya maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji humbeba mtu na joto lake hulegeza misuli iliyokaza. Dada wa mazoezi aliingia nao majini. Baba yake Kipepe ndiye aliyesafisha bwawa, akapima dawa ya maji na kuangalia mitambo.

Kipepe naye alikuwa na kazi zake. Mazoezi yakiisha, alikusanya maboya ya sponji ya buluu na kuyarudisha stoo. Halafu alizunguka nyuma ya jengo, kwenye mashine ya kupasha maji joto. Ilikuwa kama kabati kubwa la chuma lenye feni mbele na kioo kidogo kilichoonyesha namba.

"Ukiona namba ya joto peke yake, endelea na mambo yako," baba yake alimwambia siku alipompa kazi hiyo. "Ukiona herufi, usiguse kitu. Njoo uniite, hata kama niko chooni."

"Hata kama uko chooni?" Kipepe alicheka.

"Gonga mlango. Nitaitika."

Miongoni mwa watoto waliokuja pale, rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana wa miaka minane aliyeitwa Kamanda. Ugonjwa ulikuwa umemdhoofisha miguu, lakini mdomo wake haukuguswa hata kidogo. Alipoingia majini aliiamrisha miguu yake kama askari wa zamu. "Wewe wa kulia, mbele! Wewe wa kushoto, nani kakupa ruhusa ya kupumzika?" Bibi yake aliyemleta, mwanamke mwembamba mwenye mtandio wa zambarau, alikaa kwenye benchi akitikisa kichwa na kuficha tabasamu. Kipepe ndiye aliyemshika Kamanda mkono wakati wa kuvuka bwawa, na siku zile za karibuni mvulana alikuwa ameanza kuuachia mkono huo na kwenda hatua kadhaa mwenyewe.

Sasa, stoo ya maboya ilikuwa mwisho kabisa wa jengo, na kufuli lake lilikuwa gumu kama limekula njama na kutu. Siku moja wenzake Kipepe walikuwa wakimsubiri nje ili waruke kamba. Walimwita kwa sauti. Kipepe alitazama rundo la maboya, akatazama kule stoo, kisha akaona nafasi kati ya ukuta na mashine ya joto. Aliyasukumia humo yote, yakabanana vizuri, akaenda kucheza.

Hakuna aliyemwona. Kesho yake alifanya hivyo tena, na baadaye ikawa mazoea. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, alipita akayatoa kabla baba yake hajafungua mlango wa nyuma, akayapeleka bwawani, kazi ikaonekana imekwenda sawasawa.

Haikupita muda, herufi ikatokea kwenye kioo. Ilikuwa E, na tarakimu mbele yake, zikiwaka na kuzimika. Feni ilikuwa imesimama. Kipepe aligeuka amwite baba yake, kisha akasita. Baba angekuja, na angeyaona maboya. Alikumbuka jinsi mjomba wake alivyoitibu redio ya nyumbani kila ilipogoma, yaani kuizima na kuiwasha. Akashusha swichi ya ukutani, akasubiri kidogo, akaipandisha. Mashine ilinguruma, feni ikazunguka, herufi ikatoweka.

Alijiona ameshinda. Shuleni aliwasimulia wenzake, na akaongeza chumvi: eti mashine kubwa ya kituo iliharibika na yeye ndiye aliyeitengeneza. Tangu siku hiyo wakamwita Injinia. Jina lilimkaa vizuri masikioni. Alianza hata kutembea na bisibisi ya nyumbani kwenye mkoba, ingawa hakuwa na cha kuifanyia.

Herufi ilirudi. Akazima na kuwasha. Ikarudi tena, naye akafanya vile vile. Siku moja dada wa mazoezi alitia mkono majini akasema, "Mbona joto kama limepungua?" Baba yake Kipepe alimgeukia binti yake.

"Kipepe, umeona herufi yoyote kwenye kile kioo?"

"Hakuna, baba."

Kwa dakika ile hakukuwa na herufi, kwa kuwa alikuwa ametoka kuifuta muda si mrefu. Alijiambia kwamba huo si uongo. Hata hivyo alipotamka maneno hayo hakumtazama baba yake usoni, alitazama vigae.

Siku mambo yalipoharibika kabisa, alikuta herufi nyingine, ambayo hakuwahi kuiona. Kulikuwa na harufu kama ya plastiki inayoungua. Swichi ya ukutani ilikuwa imejishusha yenyewe. Kipepe aliipandisha, nayo ikashuka papo hapo, tap! Akaipandisha tena, akiibana kwa kidole. Ndani ya mashine kitu kiligonga kwa nguvu, mara moja tu, kisha pakawa kimya. Kioo kilizimika. Hapakuwa tena na namba wala herufi.

Aliyachomoa maboya yote kutoka nyuma ya mashine, akayakimbiza stoo, akafunga kufuli. Kisha akaenda nyumbani na kulala mapema, akisema kichwa kinamuuma.

Kesho yake maji yalikuwa baridi. Ilikuwa siku ya mapumziko na wazazi wengi walikuwa wamekuja. Kamanda alikuwa wa kwanza kuingia, na hakuna aliyekuwa ameyapima joto. Mara meno yake yakaanza kugongana. Miguu aliyokuwa akiiamrisha ikakaza kama vijiti, na yule mtoto ambaye hakuwahi kulia mbele ya watu akalia. Dada wa mazoezi alimnyanyua, bibi yake akamfunika kwa mtandio wake wa zambarau mpaka taulo lilipoletwa. Mtandio ulikuwa umelowa, basi bibi akatoka nje kuutandaza juani. Kitu kilichokuwa karibu, kipana na kilichopigwa na jua, kilikuwa ile mashine.

Baba yake Kipepe alipofika nyuma ya jengo, Kipepe akimfuata, ndicho alichokikuta: mashine imekufa, na mtandio wa zambarau umefunika feni.

"Huu ni wa nani?"

"Wangu, mwanangu," bibi alisema, akitoka mlangoni na mjukuu mgongoni.

"Mama, hii ni mashine, si kamba ya kuanikia nguo! Kumbe ndiyo maana! Mnafunika hewa, mashine inakufa, halafu watoto wanaingia kwenye maji ya baridi!"

Wazazi wengine walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja aliguna. Mwingine alisema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Wazee nao, hawaelekezeki."

"Nimeutandaza sasa hivi tu," bibi alisema. "Ulilowa nilipomfunika mtoto."

"Sasa hivi tu! Na siku nyingine zote?"

Bibi alichukua mtandio wake, akaukunja polepole pembe kwa pembe, ingawa ulikuwa bado unadondosha maji. Kamanda alimtazama Kipepe kutoka mgongoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kipepe, mwambie baba yako. Si wewe unayeangalia mashine kila siku? Mwambie bibi yangu hajaharibu."

Watu wote walimgeukia. Kipepe alihisi uso ukiwaka kama amepigwa na mvuke wa sufuria. Neno lilikuwa pale pale ulimini. Alilimeza.

"Sijui mimi," alisema.

Kamanda aligeuza uso, akalilaza shavu kwenye bega la bibi yake, nao wakaondoka.

Bwawa lilifungwa kusubiri fundi. Wakati huo dada wa mazoezi aliwatandikia watoto mikeka wakafanya mazoezi ya nchi kavu, na karibu wote walikuja. Kamanda na bibi yake hawakuja. Kila mlango ulipolia, Kipepe aliinua kichwa, kisha akakiinamisha. Shuleni wenzake walipomwita Injinia, alitamani ardhi ipasuke. "Msiniite hivyo!" alifoka siku moja, wakabaki wakitazamana, hawajui wamemkosea nini. Ile bisibisi aliirudisha kwenye droo na kuifunika kwa vitambaa.

Nyumbani, chakula hakikushuka. Mama yake alimpapasa paji la uso, akasema homa hana. Baba yake alisema huku akichambua mifupa ya samaki, "Yule mama nilimkaripia vikali mno. Lakini na yeye jamani, mtu mzima!" Kipepe aliinuka akasema ameshiba.

Fundi alipofika, alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, ovaroli yake imejaa mifuko. Alizima umeme kwanza, akafungua kifuniko cha mashine, akainama na tochi. Baba yake Kipepe alisimama kando. Kipepe alikuwa amebeba ndoo ya maji, akisingizia kusafisha.

"Kompresa ndiyo imekwenda," fundi alisema baada ya muda. "Huu ndio moyo wa mashine. Utabadilishwa."

"Ni nguo," baba alisema. "Kuna mama alitandaza nguo mbele."

Fundi alitikisa kichwa. "Nguo ya siku moja haifanyi hivi. Hapa mbele ndipo hewa inapotokea. Shida iko nyuma, inapoingilia. Njoo uone." Alivuta kitu kutoka kwenye mapezi membamba ya chuma yaliyokuwa mgongoni mwa mashine, akakiweka kiganjani mwa baba. Vilikuwa vipande vya sponji, vidogo, vya buluu. "Hivi vimenyonywa kwa muda mrefu. Kuna mtu alikuwa akiegemeza kitu hapa. Na mashine isingekaa kimya. Lazima ilitoa herufi, si mara moja."

Baba yake Kipepe alivitazama vile vipande, akakunja uso. "Sponji ya maboya. Basi ni yule mjukuu wake. Yule mtoto ni mtundu wa maneno na mikono. Bibi anakaa benchi hamwangalii, naye anacheza na—"

"Baba, Kamanda hawezi kufika hapa mwenyewe," Kipepe alisema. Ndoo ilimponyoka, maji yakamwagika miguuni mwake. "Hawezi kutembea mpaka hapa. Ni mimi."

Baba yake alimgeukia taratibu.

"Ni mimi niliyekuwa nayaweka maboya hapa, ili nisiende stoo. Na herufi niliziona. Nilikuwa nazima na kuwasha zipotee. Uliponiuliza nikasema hakuna." Sauti yake ilikuwa ikikatika. "Na bibi ulipomgombeza, nilikuwa najua. Nilikuwa najua, baba."

Alitarajia kelele. Alitarajia hata kofi. Baba yake alikaa chini kwenye ukingo wa msingi wa jengo, vile vipande vya buluu vikiwa bado kiganjani, akavigeuza kimoja kimoja. Hilo lilimuuma Kipepe kuliko kofi. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na aibu ikamjaa mpaka akahisi hata fundi, mtu asiyemjua, angemwona hivyo maisha yake yote.

Fundi ndiye aliyezungumza kwanza. "Njoo hapa, binti. Futa machozi, uone ulichokuwa unakifanya."

Kipepe alisogea.

"Mashine hii haichomi kitu kama jiko. Inavuta hewa ya nje kwa mgongo, inachukua joto lililomo na kulipeleka kwenye maji, halafu inatoa hewa iliyopoa kwa mbele. Ukiiziba mgongo ni kama kumziba mtu pua huku unamwambia akimbie. Ile herufi ya kwanza ilikuwa inasema tu, sipati hewa. Kila aina ya mashine ina herufi zake, na maana zimeandikwa kwenye maelekezo yake. Hiyo ya kwanza hata baba yako angeimaliza bila mimi. Angeondoa maboya, akaiwasha mara moja, basi."

"Mara moja?" Kipepe aliuliza.

"Mara moja tu. Majani yamejaa, chujio limechafuka, kitu kimeziba hewa, hayo mwenyewe unaondoa. Herufi ikirudi baada ya hapo, ina maana shida bado imo ndani, na kuizima ni kuifunga mdomo. Hapo ndipo unapopiga simu. Na kuna mengine ambayo hata mara moja hupaswi kujaribu. Ukinusa harufu ya kuungua, ukisikia kugonga, swichi ikijishusha yenyewe, maji yakivuja karibu na umeme, mnasimama mbali mnaniita. Wewe kama mtoto, kazi yako ni nyepesi zaidi. Unamwambia mkubwa. Swichi zile zingeweza kukuua, unanielewa?"

Kipepe aliitikia kwa kichwa. Hakuwa ameliwaza hilo hata kidogo.

Baba yake aliinuka. "Vaa viatu vikavu," alisema. "Tunakwenda kwa yule mama."

Nyumba ya bibi ilikuwa mwisho wa uchochoro, mlango umeachwa wazi. Bibi alikuwa akimnyoosha mjukuu wake miguu juu ya mkeka, mguu mmoja baada ya mwingine, na Kamanda alikuwa ameuma meno. Alipomwona Kipepe aligeukia ukuta.

Baba yake Kipepe alivua kofia. Alieleza yote bila kujitetea. Kipepe naye alipiga magoti na kusema yake, akakwama katikati, akaanza upya. "Bibi, nisamehe. Wewe uliaibishwa kwa sababu yangu, nami nikakutazama tu."

Bibi aliendelea kunyoosha mguu. "Nimesikia," alisema hatimaye. "Lakini baba, uliponigombeza ulinigombeza hapa?"

"Hapana, mama."

"Ulinigombeza mbele ya watu. Hapa chumbani tuko wanne. Wale waliosikia mimi ni mharibifu, nani atawaambia?"

Baba alielewa. Kipepe naye alielewa.

Kompresa mpya ilipofungwa na maji yakapata tena joto lake, baba yake Kipepe alimfuata bibi nyumbani kwake, akambeba Kamanda begani hadi kituoni. Wazazi walikuwa wameketi kwenye mabenchi. Alisimama kando ya bwawa akasema kwa sauti ya kusikika, "Siku ile nilimlaumu mama huyu mbele yenu. Nilikosea. Mashine iliharibika kwa uzembe wa nyumbani kwangu, na mimi nilitoa hukumu kabla ya kuuliza. Mama, naomba radhi."

Kisha akamtazama binti yake. Hakumsukuma. Kipepe alisimama. Alimwona yule mzazi aliyeguna siku ile, akimkodolea macho. Alisema yote, ya maboya, ya herufi na ya "sijui mimi". Alipomaliza hakupigiwa makofi. Yule mzazi aliyesema wazee hawaelekezeki alitazama pembeni, akaanza kukunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

Kamanda alishushwa majini. Zile hatua alizokuwa anakwenda mwenyewe zilikuwa zimepotea, kwa kuwa miguu ilikuwa imekaza kwa kukosa mazoezi. Aliinua mguu mmoja, akayumba, dada wa mazoezi akamdaka. Kipepe aliona hayo kutoka ukingoni, na machozi yakamjia tena.

"Zitarudi?" alimuuliza dada.

"Zitarudi. Lakini tunaanza mwanzo."

Baba yake alikuja akachuchumaa kando yake. "Unajua, Kipepe, kutojua zile herufi maana yake nini hakukuwa kosa. Hata mimi nyingine sizijui. Kosa lilikuwa kulificha lile usilolijua, ukalipamba likawa sifa. Ungeniambia siku ya kwanza, ningekugombeza kidogo kwa ajili ya maboya, tukacheka, yakaisha. Kila siku uliyonyamaza, kosa lilikuwa linakua. Nami nilijifanya najua kilichoharibu mashine, sikumuuliza mtu, nikamwumiza mama wa watu. Tusiojua tuseme hatujui, mapema, kwa anayejua."

"Naona aibu, baba. Sitaki hata waniangalie."

Bibi alikuwa amewasikia kutoka kwenye benchi. "Usiikimbie hiyo aibu, mjukuu wangu," alisema. "Ikikufundisha kusema mapema siku nyingine, itakuwa imefanya kazi nzuri. Sasa inuka. Mwenzako amekasirika bado, hatakuita. Nenda mwenyewe."

Kipepe aliingia majini. Kamanda alimtazama kwa muda mrefu, uso umekunjamana. Halafu akanyoosha mkono wake, naye Kipepe akaushika.